Kila Udongo na Meno Yake: Malindi mpaka Marafa kwa Baiskeli, Katikati ya Masika

Jumatano

Mwezi wa tano Malindi hauna siri, ni mvua tu. Kusi imeshaingia, bahari imechafuka, mahoteli kibao yamefunga mpaka wageni warudi, na barabara za ndani kule Magarini kila moja imekuwa na akili zake. Ndo wakati mi na binamu yangu tumetoka na baiskeli kwenda Marafa, kwenda tunapitia mabondeni ya Sabaki, kurudi tunazungukia Gongoni na Mambrui. Kila tuliyemwambia ameuliza kwa nini tusingoje mwezi wa nane zikauke. Mwezi wa nane hata mtoto wa shule anafika Marafa! Mi nina baiskeli ngeni kwangu, mitumba, ile ya mlima, imetoka Uingereza kwa kontena, na nataka nijue ikipigwa matope ya kweli ni kitu gani kinakufa kwanza, manake spea zake sio za kuokota duka lolote hapa, unaagiza Mombasa ama Nairobi halafu unakaa kungoja.

Yangu fremu alumini, gia tatu mbele nane nyuma, breki za disku za kuvutwa na waya. Ya binamu ni Black Mamba, gia moja, chuma kitupu, breki za fimbo, na keria ambayo imeshabeba mkaa, nazi, kuku wa harusi na shangazi yetu mzima mzima. Amenicheka kuanzia Barani mpaka darajani.

Pale daraja la Sabaki tukasimama kidogo kuangalia maji. Huu mto huko juu karibu na Nairobi unaitwa Athi, ukifika Tsavo unaitwa Galana, huku kwetu Sabaki, na njia yote hiyo unazoa udongo wa watu, wa Ukambani na kwingineko, unakuja kuumwaga hapa ndo maana bahari ya Malindi masika inageuka chai. Yani matope ya hapo chini yamesafiri kutushinda.

Tukavuka, tukaacha lami, tukakata kushoto kuelekea Marikebuni. Usiku ilinyesha, asubuhi jua likatoka, na hiyo ndo hali mbaya kuliko zote. Udongo wa mabondeni ni mweusi, mfinyanzi, ukiwa mkavu unapasuka nyufa za kuingia mkono, ukilowa chapachapa unateleza lakini angalau unajiosha wenyewe, ila hapo katikati ukianza kukauka ndo unashika. Tairi inabeba udongo, inazunguka inabeba mwingine juu ya ule, mpaka nafasi yote kati ya tairi na fremu imejaa na gurudumu limegoma, unasukuma inaburuzika tu.

Black Mamba ndo iligoma kwanza, hilo naomba liandikwe. Zile madigadi za bati zinakaa karibu sana na tairi, zikijaa zimejaa, hapatoki kitu. Binamu kicheko kikaisha, akatoa spana ya 10, akafungua madigadi zote mbili, akazifunga keriani na mpira wa chubu kuukuu, akaendelea uchi hivo hivo. Yangu haina madigadi kwa hivo ikafika mbele kidogo, halafu ikajaa kule nyuma ya pedali, pale mabomba mawili ya fremu yanapobana tairi. Hapo dawa ni kijiti. Unachokonoa, unasukuma hatua kumi, unachokonoa tena. Ukichoka ukaiweka begani unakuwa umebeba baiskeli na shamba la mtu juu yake. Na nikiangalia pale palipobana, rangi ya fremu imeshaanza kutoka, asubuhi moja tu, alumini inang'aa, manake huo udongo ukiganda hapo tairi inausugua kwenye fremu kila mzunguko.

Mbele kidogo nikasikia krak. Nyasi ndefu zimejisokota pamoja na tope kwenye yale magurudumu mawili madogo ya gia ya nyuma, mnyororo umekwama unavuta, na gia yote inapanda kuelekea kwenye spoki. Nikaachia pedali ikiwa imebaki kama kidole kuingia ndani, ingeingia ingeondoka na spoki na safari. Lakini kile kisikio cha alumini kinachoishika gia kwenye fremu kimeshapinda. Wenye kuunda hizi baiskeli wanakifanya laini makusudi, ili kikipigwa kipinde ama kikatike chenyewe fremu ipone, ni kitu kidogo cha skrubu, unakibadilisha mara moja kama unacho, na mtumba haukuji na cha akiba. Nikatia alenki ya 5 kwenye boliti ya gia nikavuta nje taratibu mpaka kwa macho ikasimama wima. Alumini haipendi kukunjwa kukunjuliwa, kila ukiinyoosha inapoteza nguvu, kwa hivo nikaamua ile gia kubwa kabisa iliyo karibu na spoki siigusi tena mpaka Malindi, bora kilima kinitese.

Tuko katika hali hiyo akapita mzee na jembe begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwaenda wapi na vyuma?"

"Marafa, mzee."

Akaangalia magurudumu, akacheka kidogo kwa heshima. "Njia hii ama mwaipita na mvua, ama mwaingoja ikauke. Hivi ilivyo saa hii haipitwi. Fuateni nyasi, kule ukingoni."

Tukafuata nyasi na kweli, penye mizizi udongo haunyanyuki na tairi, unakanyaga juu tu. Ilikuwa polepole lakini magurudumu yalizunguka. Jioni tuko kwa shangazi upande wa Magarini, ametupikia sima, mchunga wa nazi na ng'onda, halafu akaona miguu yetu akatufukuza tukaoge kwanza.

Alhamisi

Ukitoka mabondeni ukapanda, ardhi yote inageuka, mchanga mwekundu na vilima vya kupanda kushuka kupanda. Mvua imeanza hatujafunga mizigo na haikukata mpaka saa tisa. Na mwanzo raha tupu wallahi, manake tope hili jekundu halishiki, linaruka, linakupiga mgongoni na usoni lakini tairi inazunguka safi, nikapunguza upepo kidogo nikawa naelea tu. Binamu anaimba.

Kisha nikaanza kusikia. Kwanza mbali, shhh shhh, kila pedali ikizunguka. Halafu karibu zaidi, krr krr. Hili tope ni mchanga mtupu uliochanganyika na maji, na ukikutana na oili ya mnyororo unakuwa kama ile pesti mafundi wa magari wanasagia vali, tofauti ni kwamba wao wanasaga dakika chache wakafuta, we unasaga siku nzima kilima baada ya kilima. Watu wanasema mnyororo umevutika. Chuma hakivutiki hivo, kinacholika ni zile pini ndani ya viungo, kila pini inapungua unywele, na pini ziko mia na kitu, ukijumlisha mnyororo mzima umekuwa mrefu na haukai tena sawa kwenye meno ya spoketi. Sasa meno nayo yanaanza kulika kuufuata. Kwa nje huoni kitu, baiskeli ni chafu tu.

Breki ndo zilitia hofu. Asubuhi nikigusa mkono wa breki zinashika mapema, kufika saa tano mkono unafika karibu na hendo, nikakaza waya, saa saba umefika tena, nikakaza tena. Padi zangu ni zile laini za rezini, zimekuja na baiskeli, na disku inazunguka imelowa maji ya mchanga, hata usiposhika breki zile chembe ziko katikati zinakula. Mteremko mmoja mrefu, chini pana kijito kimejaa, nikashika ya nyuma ikalia chuma kwa chuma, mlio wa kuuma meno. Yani rezini imeisha, sasa ni kibati kinakwangua disku. Nikashuka nusu kwa breki ya mbele nusu kwa mguu.

Nikageuka kumuangalia binamu. Zile breki za fimbo zinavuta mipira ijishike kwenye rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa haishikiki, sio leo wala sio jana, ni hivo ilivyo. Yeye hana wasiwasi, amevua mguu mmoja kwenye pedali, amekandamiza ndara kwenye tairi la mbele, anakuja amekunja uso, ndara inafuka maji. Kila mteremko hivo hivo. Jioni ndara ya kulia ilikuwa na tundu naona kidole. Ndara ni shilingi ngapi? Padi zangu ni ndara ngapi? Hesabu hiyo alinipigia usiku kucha.

Kilima cha mwisho kabla ya Marafa nikaweka gia ndogo ya mbele, ndo ikatokea ile kitu ambayo mwenye kuendesha matopeni anaijua. Mnyororo badala ya kuachia meno ya chini unang'ang'ania, unapanda nayo juu, unajikaba kati ya gia na fremu, pedali inasimama ghafla na we unakaribia kuruka mbele. Ni mchanga na meno yaliyochongoka. Unazungusha kinyume unaachia, hatua mbili umekaba tena, na kila ukikaba unachonga bomba la fremu. Mikwaruzo iko pale, mingine ya kuingia kucha. Nikashuka nikasukuma. Binamu mwenye gia moja alikuwa ameshuka anasukuma toka mwanzo, kwa hivo tulifika sawa.

Ijumaa

Mvua imepumzika na sisi tumepumzika. Tumelala Marafa, chumba kidogo chenye bati, na asubuhi mahamri ya moto na mbaazi mpaka nikashindwa kupumua.

Nyari tuliiona, lile korongo la mchanga, huwezi kufika Marafa usiione, wageni wanaijua kama Jiko la Shetani. Hadithi yake ni watu matajiri waliokuwa wanaoga maziwa badala ya kunywa, Mungu akawadidimiza na ng'ombe zao wote, rangi nyeupe ni maziwa na nyekundu ni damu. Kijana anayetembeza watu akatusimulia vizuri sana, kisha akaongeza kwamba kila masika ukingo unakatika, unarudi nyuma kuelekea kijijini. Ni mchanga ulioshikana tu, ukipigwa maji unashuka. Ukisimama pale baada ya mvua unausikia unashuka, chururu chururu, kokoto moja moja.

Mchana kazi. Chini ya mwembe kuna fundi ana sanduku la mbao na kopo la grisi, hana spea za baiskeli yangu hata moja lakini ana macho. Akaniomba rula. Mtoto wa jirani akaleta ya shule, ya inchi 12. Fundi akanyoosha mnyororo kwa kuupa uzito kwenye pedali, akaweka sifuri ya rula katikati ya pini moja, akahesabu pini 24 mbele. Mnyororo wa baiskeli pini kwa pini ni nusu inchi, wa Black Mamba au wa baiskeli ya mamilioni yote sawa, kwa hivo mpya pini ya 24 inakaa juu ya inchi 12 kamili. Yangu ilikuwa imepita mstari. Kidogo, unafunga jicho moja kuona, kama sehemu moja ya 16 ya inchi. Fundi akasema, "Kaka, hapa ndo pa kuubadilisha. Ukiungoja ufike sehemu moja ya nane, utanunua na spoketi." Mnyororo ni bei ya mtu kuvumilia, spoketi ya gia nane ni kilio. Na huu siku ya kutoka Malindi niliupima mwenyewe ukawa bado una maisha.

Tukautoa. Nikakata chupa ya maji ya plastiki, nikautumbukiza, nikamimina mafuta taa, nikafunika na mkono nikatikisa. Yale mafuta yakawa mekundu mazito, nikayaacha yatulie tukiwa tunakunywa chai, na kurudi pale chini ya chupa kulikuwa na mchanga umejipanga, unene wa sarafu ya shilingi 20, msafi, unang'aa jua likipiga. Wote huo ulikuwa ndani ya viungo. Nikarudia mara kadhaa na mswaki mpaka mafuta yakabaki na rangi yao, nikauanika, nikatia oili tone moja kila kiungo nikaifuta ya juu yote, manake oili inayobaki nje kazi yake ni kukamata mchanga wa kesho.

Padi nilikuwa na jozi moja ya akiba, zikaingia nyuma. Zile za zamani fundi alizishika mkononi akazigeuza, upande mmoja kibati kimekwanguliwa mpaka kimepata makali. Disku imepata mifereji ukipitisha kucha inarukaruka. Akaniuliza huko zinakotoka wanaziendesha vipi. Nikamwambia Uingereza nao wana msimu wao wa matope, kuanzia Novemba mpaka Machi hivi, baridi na giza saa kumi jioni, na kuna watu wanaenda msituni kila Jumapili wakisaga hivi hivi, mwisho wa baridi baiskeli inataka mnyororo, padi na beringi. Na barabarani huko wanamwaga chumvi ili barafu isishike. Fundi akasema, "Aah," akainamisha baiskeli yangu, akanionyesha boliti zote za chini zilivyo na kutu ya zamani ambayo sio ya kwetu. Ilikuja nayo. Akaniambia toa bomba la kiti upake grisi leo leo, manake chuma na alumini vikikaa na chumvi vinaoana, na ndoa hiyo haivunjwi ila kwa msumeno.

Binamu alitumia siku nzima kulala. Baiskeli yake aliipiga maji ya ndoo, akaitia oili chafu ya pikipiki, basi.

Jumamosi

Tumeshuka kuelekea Gongoni kwa njia za ndani, jua kali, mawingu kwa mbali. Barabara inakauka na mchanga unakuwa wa kuzama, tairi pana inasaidia hapa, mi nikawa mbele kwa mara ya kwanza toka tutoke nyumbani nikafurahia kimya kimya.

Ukikaribia pwani unaanza kuona mathenge. Ule mti uliletwa uzuie jangwa, sasa umeziba kila mahali na miiba yake inaingia kwenye tairi mpaka kwenye chubu bila kuuliza. Pancha yangu, pancha ya binamu, pancha yangu tena. Kubandika kiraka kwenye baiskeli iliyojaa mchanga ni kazi ya adabu, chembe moja ikibaki chini ya kiraka imekutoboa upya, na mwiba usipoutoa ndani ya tairi unakungoja. Nilipitisha kitambaa ndani ya tairi polepole, kikanasa vitatu ambavyo macho hayakuviona.

Kisha chumvi. Gongoni ni mashamba ya chumvi, wanaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa mapana, jua linayakausha, chumvi inabaki. Masika kazi inalala kwa sababu mvua inayachanganya maji, lakini barabara zinazopita kando ya mabwawa hazilali, zimelowa maji ya chumvi na tope la kijivu laini kabisa. Halishiki wala halisagi. Ukipita unadhani umepona. Hili ndo tope ninaloliogopa sasa kuliko yote, kwa sababu meno yake yanauma usiku we ukiwa umelala.

Tulifika magharibi tumechoka, maji ya kuosha hapakuwa na ya kutosha, tukafuta tu tukaegesha. Mwenyeji wetu akatuonyesha upande wa Ngomeni, kule baharini Waitaliano walikosimamisha majukwaa yao ya kurushia roketi, ya San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970 hapo ndo iliporushwa setelaiti ya Uhuru, ya kutazama miale huko angani. Nikala wali wangu wa nazi na samaki nikiwaza kwamba kitu kilitoka hapa kikafika angani na mi natafuta padi za breki.

Jumapili

Asubuhi mnyororo wangu ni wa rangi ya chungwa. Usiku mmoja! Ule niliouosha kwa mafuta taa nikaupaka tone kwa tone. Viungo viwili vimekakamaa havikunji, vinapita juu ya gia vinaruka tak, tak. Boliti za disku, zile sita ndogo, zote zimevaa kofia nyekundu. Waya wa gia umeshika ndani ya ganda lake, nikibonyeza gia inapanda lakini ikitakiwa kushuka springi haina nguvu ya kuuvuta, ikabidi niwe navuta waya kwa kidole kwenye fremu kila nikitaka ishuke. Binamu naye rimu zake zina vipele vya kutu, lakini rimu hizo zina vipele toka enzi za babu.

Gongoni mpaka Mambrui lami, na kusi usoni. Kwenda ilikuwa inatusukuma nikajiona nina miguu, kurudi ikanionyesha miguu yangu yenyewe. Haikuwa na kisa sehemu hii, ni kuinamisha kichwa na kukanyaga. Ila mikono ikiwa imetulia kwenye lami laini ndo nikahisi kitu kingine, mtetemo mdogo kutoka gurudumu la mbele unapanda mpaka kwenye hendo, matopeni haukusikika kwa sababu kila kitu kilitetemeka.

Karibu na kuingia Malindi kuna vijana wanaosha magari na pikipiki kwa mashine ya presha. "Kaka leta hiyo tuipige, dakika mbili inang'aa." Mi nikakataa, nikaomba ndoo na sponji. Hili nina ugomvi nalo. Matope yanakaa nje ya beringi, ile mipira ya kuzuia inayazuia vizuri tu, inazuia tope linalorushwa na tairi, haikutengenezwa kuzuia maji ya presha yakipigwa ubavuni kutoka hatua moja. Ukiipiga presha kwenye habu, pale katikati ya gurudumu, kwenye ekseli ya pedali, kwenye shingo ya usukani, unachofanya ni kulisukuma tope ndani na kuifukuza grisi nje, halafu unaondoka na baiskeli inayong'aa iliyojaa maji. Nimeona baiskeli nyingi zilizokufa hivo safi kabisa. Binamu akasema mi ni mwalimu, akatoa shilingi 50, akapigiwa Mamba yake mpaka ikaonekana imetoka dukani.

Jumatatu

Kwa fundi wetu wa sokoni, foleni ya watu watatu mbele, wote masika imewaleta.

Tulianza na yule mtetemo wa mbele. Fundi akafungua nati, akachomoa ekseli, na kilichotoka sio grisi, ni uji wa kijivu. Habu yangu sio ya beringi za kufungwa, ni ya gololi huru na koni, ile nati ya mviringo gololi zinapozungukia, ambayo kwa huku ni bahati kwa sababu inafunguka na spana mbili nyembamba. Mbele ni gololi 10 kila upande, ndogo, za 3/16 ya inchi. Akazimimina kwenye kifuniko cha kopo, akazifuta na tambara, akaziviringisha kwenye kiganja juani. Nzima zilikuwa zinang'aa. Zilizobaki zimechoka rangi, mbili zina vishimo vya kuonekana. Koni ya kushoto ina njia imechimbika upande mmoja, hiyo ndo niliyokuwa naihisi mikononi. Gololi mpya anazo, za bei ya peremende, akaweka zote 20, hachanganyi za zamani na mpya kwa sababu zikitofautiana unywele ile kubwa ndo inabeba mzigo peke yake. Koni akaisugua na msasa laini akaniambia hii ni ya kukufikisha tu. Habu ya nyuma, gololi 9 kila upande za robo inchi, ilikuwa na grisi nusu, tukaijaza.

Nikiwa pale akanisimulia mwenyewe alivyokuwa anapakia grisi habu za zamani za breki ya kurudisha pedali nyuma. Nikamwambia hizi baiskeli za mlima zilianzia hapo hapo, California kule Marin County miaka ya 1970, vijana walikuwa wanashuka milima na mabaiskeli mazito ya zamani yenye breki hizo, zinapata moto mpaka grisi inaungua inatoka moshi, wakifika chini wanafungua wanapakia upya ndo wapande tena. Fundi akafurahi sana, akasema basi walikuwa wanahitaji mtu kama yeye.

Mnyororo umetupwa. Niliupima tena kwa rula yake ya bati na umeshaenda kuelekea sehemu ya nane. Meno ya spoketi, ya zile gia tatu za kati ninazozikanyagia kila siku, yameanza kulala upande, tutajaribu mnyororo mpya, ukiruka nikisimama kwenye pedali basi na spoketi itabidi. Disku ya nyuma bado nene, inabaki. Ganda la waya wa gia tumebadilisha mita moja na ushee. Kisikio ndo kimenitia baridi, fundi alipokisafisha kwa petroli kikaonekana kina ufa mwembamba kwenye kona ya juu, unapita nusu ya upana, na kimenibeba hivo kutoka Marikebuni.

Zamu ya Mamba. Fundi akafungua ekseli ya pedali, maji yakamwagika, maji safi kabisa ya presha, halafu gololi zimeanza kutu. Binamu hakuniangalia. Lakini niseme ukweli wake pia, fundi alipiga ile pini ya kranki na nyundo, akamwaga, akafuta, akatia gololi mpya na grisi, akafunga, na tulikuwa hatujamaliza chai. Mipira ya breki jozi mbili, madigadi zikarudi. Bili yake yote na ndara mpya haifiki nusu ya mnyororo wangu.

Nimepiga simu Mombasa kuagiza. Padi safari hii za metali, zinapiga kelele na zinakula disku kidogo zaidi lakini kwenye mchanga zinakaa. Mnyororo, koni ya mbele, na visikio viwili, kimoja kifungwe kimoja kikae kwenye begi la chini ya kiti. Vinakuja na basi la kesho jioni. Binamu ameshaanza kuniuliza kuhusu Jilore na Kakoneni wikendi, ati mvua bado ipo, nimemwambia huko nako ni mchanga mwekundu, alete ndara mbili.